Reli ya Nyuma ya Jiko

Jua likipiga mataruma ya reli mara tu baada ya mvua, hupanda harufu ambayo sijaikuta mahali pengine: harufu ya mbao nzee zilizonyweshwa dawa nyeusi, ya kutu, na ya mafuta mazito yaliyodondoka kutoka matumboni mwa magarimoshi. Mimi nililelewa ndani ya harufu hiyo. Nyumba za wafanyakazi wa reli pale Malaba zilikuwa zimepangwa bega kwa bega, na ukuta wetu wa nyuma ulitazama njia yenyewe. Gari la mizigo likipita, vikombe vilianza kucheza kabatini, na Mama, bila kukatiza alichokuwa akisema, alinyoosha mkono akavishika mpaka behewa la mwisho lipite. Ng'ambo ya mto ilikuwa Uganda, lakini sisi watoto hatukuijua kama nchi nyingine. Tuliijua kama mahali ambako ndizi zilikuwa tamu zaidi na ambako nusu ya majirani zetu walikwenda kuzika na kuoa. Hiyo ilikuwa katikati ya miaka ya sabini, wakati reli ya nchi tatu ilikuwa bado reli moja, na mtu wa Tororo ng'ambo na mtu wa Bukhayo upande wetu waliweza kufanya kazi kwenye gari moja na kugombana juu ya chai moja.

Mshirika wangu katika utundu wote wa miaka ile alikuwa Owori, mtoto wa jirani, ambaye baba yake alikuwa dereva wa garimoshi na kwao kulikuwa Tororo. Mimi na yeye tulikuwa tumeanza kujenga reli yetu nyuma ya jiko la kwetu, pale ambapo Mama alimwaga majivu na hakuna kilichoota. Sikumbuki nani aliitoa fikira hiyo kwanza. Nakumbuka tu kwamba tulichoka kuchora njia mchangani kwa kijiti na kuona kuku wakizifukua, tukataka njia isiyofutika. Mataruma tuliyakata kutoka mabua ya mkonge. Reli zenyewe zilikuwa vyuma vyembamba vilivyofungia marobota ya pamba kutoka Uganda. Vilitupwa ovyo kando ya ghala, nasi tulivinyoosha kwa mawe hadi vidole vikavimba. Mabehewa yalikuwa mikebe ya samaki, na magurudumu yalikuwa vifuniko vya soda. Kwa udongo wa kichuguu tulifinyanga vilima, stesheni, na upande wa mbali kabisa, ule mwamba wa Tororo ambao siku ya anga safi huonekana kama jino lililobaki peke yake kinywani. Mwamba ulikuwa kazi ya Owori na hakuniruhusu niuguse. Mama alilalamika kwamba huyu Nafula wake ni mtoto wa kike gani anayekwenda kanisani na kutu chini ya kucha, lakini hakuwahi kutuvunjia.

Baba yangu alikuwa mfunga mabehewa. Kazi yake ilikuwa kuingia kati ya behewa na behewa, kuyaunganisha au kuyaachanisha, kisha kuruka ngazini na kumpungia dereva bendera. Alikuwa mtu mwembamba, mwepesi, mwenye kupiga mluzi, na aliruka kwenye ngazi za behewa kama mtu anayepanda kitandani mwake. Asubuhi moja ya masika, mvua ikinyesha tangu usiku, mguu wake uliteleza kwenye ngazi iliyolowa. Halikuwa kosa la mtu. Dereva alisimamisha gari papo hapo, na wenzake walimtoa chini ya magurudumu kwa mikono yao. Nilikuwa shuleni. Aliyekuja kunichukua alikuwa Baba Owori, bado amevaa kofia yake ya kazi, na njia nzima hakuniachia mkono. Baba alipelekwa hospitali ya mbali. Mama alikwenda naye akaniacha kwa kina Owori, ambako nilikula na kulala kama mtoto wa nyumba hiyo, na hakuna siku hata moja niliyohisi kwamba sahani yangu imeongezwa. Masika yalikuwa yamekwisha walipomrudisha. Mguu wa kulia ulikuwa umekatwa chini ya goti. Wahenga walisema hujafa hujaumbika, na watu wazima waliokuja kutupa pole walilirudia neno hilo mpaka nikalichukia.

Kilichotutisha zaidi ya mguu kilikuwa ukimya. Baba hakulalamika, hakulia, hakuuliza kitu. Alilala akiutazama ukuta, na gari likikaribia alimwomba Mama afunge dirisha hata kama joto ni kali. Hospitali ilikuwa imempa magongo mawili ya mbao, mazuri, yenye ngozi sehemu ya kwapani. Aliyasimamisha nyuma ya mlango siku aliyofika na hakuyagusa tena. Mama alimbembeleza, mchungaji alimbembeleza, wenzake wa kazini walikuja wakakaa na kofia zao magotini wakaondoka na maneno yao. Wakuu wa stesheni walituambia kwa upole kwamba nyumba ni ya mfanyakazi, lakini tunaweza kukaa mpaka mwisho wa mwaka. Mama alianza kulima vibarua huko Amagoro, mji wa jirani. Alirudi jioni, akapika, akamlisha, na baadaye nilimwona amesimama jikoni mbele ya moto uliokwisha kuzimika, hajui afanye nini na mikono yake.

Mimi na Owori tuliacha kujenga. Tuliona aibu kucheza. Lakini mtoto hawezi kukaa na huzuni mfululizo kama mtu mzima, na ilipofika likizo tulirudi kule nyuma polepole, tukinong'ona. Gari letu lilikuwa na ugonjwa mmoja: kila lilipofika kwenye kona ya kuelekea mtoni, lilianguka. Tulibadilisha vifuniko, tukatia mawe ndani ya mikebe kuongeza uzito, likazidi kuanguka. Siku moja mchana minong'ono yetu iligeuka ugomvi. Owori alisema tatizo ni behewa langu, mimi nikasema tatizo ni njia yake, naye akasema mwanamke hajui reli, nami nikamrushia udongo. Hapo ndipo tuliposikia sauti kutoka dirishani, sauti kavu kama mlango ambao haujafunguliwa muda mrefu.

"Kona yenu ni kali," Baba alisema. "Mmeikunja kama kiwiko. Gari haliwezi kupinda hivyo."

Tulisimama kama waliokamatwa. Alikuwa ameinuka kitandani, ameshikilia vyuma vya dirisha, na uso wake ulikuwa na alama za mkeka. Owori, ambaye hakuwahi kuogopa kitu, alimwuliza basi tufanye nini. Baba alijaribu kutueleza kwa mkono, akaona hatuelewi, akakasirika. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona amekasirika tangu arudi, na moyo wangu ulijaa furaha ambayo sikujua niiweke wapi. Mwishowe akasema tumlete nje. Tulimtoa tukiburuta kiti alichokiegemea, Owori upande huu na mimi upande ule, naye akirukaruka kati yetu kwa mguu mmoja na kututukana kwa Kiluhya. Mama aliporudi kutoka shamba alimkuta mumewe ameketi chini kwenye majivu, kisu mkononi, akipanua kona. Aliweka jembe chini taratibu, akaingia ndani, na chai aliyotuletea siku hiyo ilikuwa na maziwa mengi.

Tangu siku hiyo reli ikawa ya Baba, nasi tukawa vibarua wake. Aling'oa karibu yote tuliyojenga. Aliagiza koleo, akaagiza nyundo ndogo, akaagiza mikebe ya mafuta ya kupikia, na wenzake wa stesheni, ambao kwa miezi walikuwa wakitafuta kitu cha kumletea zaidi ya pole, sasa walikuja mikono imejaa: huyu waya, yule misumari, mwingine kipande cha bati. Akaunda garimoshi la namna ile kubwa ya zamani, yenye tangi mbele na tangi nyuma, na bomba lake lilikuwa ganda la betri. Habari ikasafiri. Jumapili baada ya kanisa watu walianza kupita nyuma ya jiko letu, na salamu ya kwanza haikuwa tena "Mgonjwa anaendeleaje?" Ilikuwa "Reli imefika wapi?" Baba alijibu kama msimamizi wa kazi: imefika ghalani, imefika kwenye njia panda, wiki ijayo tunaingia mtoni.

Katika hao wa Jumapili alikuja Mama Amoit, fundi cherehani wa soko la Amagoro, mjane wa Kiteso mwenye kicheko kizito na miwani iliyofungwa kwa uzi. Alikuwa amesikia habari zetu kutoka kwa Mama huko vibaruani. Alifika na boksi kichwani, akalitua, akalifungua, na ndani kulikuwa na behewa la abiria la kadibodi ambalo nikilifikiria hata leo napumua kwa kina. Mama Amoit alikuwa amepanda gari mara moja tu maishani mwake, kwenda Nairobi kwenye harusi ya dada yake, katika daraja la pili, na tangu hapo alikuwa akilijenga upya behewa lile nyumbani kwake, bila kumwambia mtu, kwa kuhofia kuchekwa. Lilikuwa na viti vya kitambaa cha kijani, mapazia ya kuvutwa, na sinki la kunawia lililotengenezwa kwa kijiko. Na magurudumu yake yalikuwa vile vigurudumu vya mbao vinavyozungushiwa uzi wa kushonea, vyenye ukingo huku na huku, ambavyo vilikaa juu ya reli yetu barabara, bila kuyumba. Baba alilishika behewa lile, akaligeuza, akalitazama chini. Kisha akamwomba Mama Amoit, kwa adabu kubwa, amletee vigurudumu zaidi.

Basi ikawa kila Jumapili anakuja na kitu alichomaliza katika wiki, na Baba anamwonyesha alichomaliza yeye. Walikosoana bila huruma. Mama Amoit alisema stesheni yetu imekaa kama choo. Baba alisema mapazia yake yangeshika moto kabla ya kufika Eldoret. Mama Amoit ndiye aliyepata njia ya kuliendesha gari bila kulisukuma kwa mkono. Alileta cherehani yake ya mkono, akaiweka mwisho wa reli upande wa Tororo, akafunga uzi kwenye pua ya garimoshi, na alipozungusha mpini, uzi ukajikunja kwenye kile kidude cha kujazia uzi na gari likaja lenyewe, polepole, kama linatoka Malaba kweli. Likabaki daraja tu. Mto tuliuchimba tukaujaza maji, lakini kila daraja la mabua tulilojenga lilizama katikati. Tulihitaji mbao mbili ndefu, ngumu, zilizonyooka. Nilipomwuliza Mama kama kuna mbao zozote ndani, aliangalia huku na huku, akaingia, akatoka na magongo.

"Chukueni haya," alisema. "Yanakusanya buibui tu."

Baba aliona, bila shaka aliona, lakini aliendelea kugonga bati lake. Magongo yalilazwa juu ya mto, reli ikapita juu yake, na daraja likasimama imara. Lilikaa hivyo kwa muda, mpaka Jumapili ile ya ubishi. Baba Owori alikuwa ametoka safari, amechuchumaa pembeni na kikombe chake, akasema taa ya ishara tumeiweka upande usio wake: ukiliendea daraja kutoka Malaba, nguzo iko kushoto. Baba akasema iko kulia. Dereva akasema yeye hupita pale kila siku ya Mungu. Baba akasema yeye ameipaka rangi nguzo ile kwa mikono yake. Sauti zilipanda, watu wakagawanyika pande mbili, na Mama Amoit akacheka mpaka akavua miwani. Ndipo Baba akapiga goti la mguu wake mzima kwa kiganja.

"Naenda kuangalia," alisema. "Nipeni magongo yangu."

Hakuna aliyesogea. Ni Owori aliyejibu, kwa sauti ndogo. "Baba Nafula, magongo ndiyo daraja."

"Basi vunjeni daraja."

Tulilivunja. Niliharakisha, nikiogopa kwamba nikichelewa atabadilisha mawazo. Mama alikuwa mlangoni akichambua mahindi, na aliinamisha kichwa juu ya ungo, mabega yakimtikisika, wala hakufuta macho. Baba aliyapangusa magongo udongo kwa shati lake, akayaweka kwapani, akasimama, akayumba, akasimama tena. Baba Owori alinyoosha mkono, kisha akaurudisha mfukoni, na jambo hilo nalikumbuka kama heshima kubwa kuliko zote nilizowahi kuona mtu akimpa mwenzake. Walitoka wawili, wakibishana, na sisi sote nyuma yao. Njiani kuelekea stesheni wafanyakazi waliacha kazi. Mmoja alivua kofia. Hakuna aliyetoa pole; walichotaka kujua ni ubishi gani, na walipoambiwa, nao wakachagua pande. Tulipofika mahali ambapo njia inaonekana ikishuka kuelekea mtoni, Baba alisimama akihema, jasho likimtiririka shingoni, akatazama. Nguzo ilikuwa kushoto. Alicheka kwa sauti, mtu aliyeshindwa, na nilifahamu kwamba nilikuwa nimesahau kicheko chake kinafananaje.

Hakurudi kitandani tena mchana. Daraja tulilijenga upya kwa mbao alizokwenda kuzitafuta mwenyewe. Lakini dunia haikutungoja. Ndio wakati ule Jumuiya ya nchi zetu ilipokuwa ikivunjika, na reli nayo ikagawanywa, na kila mfanyakazi akaambiwa arudi kwao. Wazazi wetu walizungumza kwa sauti za chini. Sisi tulielewa pale tu mama yake Owori alipoanza kuuza kuku wake. Siku chache kabla ya kuondoka kwao, Baba aliita watu wote, wa nyumba za reli na wa Amagoro, tukajazana nyuma ya jiko mpaka wengine wakapanda juu ya mapipa. Mama Amoit alivaa gauni lake la kanisani akakaa kwenye cherehani. Owori ndiye aliyepewa bendera. Alipoishusha, gari likaondoka: garimoshi la bati, mabehewa ya mikebe, na mwishoni lile la abiria lenye mapazia ya kijani. Likapita kona bila kuanguka. Likapita ghala. Lilipoingia darajani ukasikika mlio wa cherehani tu, kri, kri, kri, mpaka likatua chini ya mwamba wa Tororo. Vigelegele vya wanawake vilisikika hadi stesheni. Owori hakushangilia. Alilifuata gari kwa macho hadi likasimama, kisha akaja akakaa karibu nami, na tulikaa hivyo mabega yakigusana hadi jua likaondoka uani.

Walihama. Baba alimpa Owori lile garimoshi lenye matangi mawili, naye akalibeba kifuani kama mtoto mchanga. Barua chache zilikuja, kisha taabu za Uganda zikazimeza barua, na miaka mingi baadaye nilisikia kwamba amekuwa fundi umeme Jinja na ana wajukuu. Nilimshukuru Mungu, kwa sababu kulikuwa na miaka ambapo sikuthubutu kuuliza. Sisi tulihamia Amagoro mwisho wa mwaka. Mama Amoit alitupa nafasi kwenye kibanda chake cha soko, na Baba akaketi pale na koleo lile lile, akitengeneza taa za kibatari, mitungi ya kunyweshea kuku, birika na masanduku ya shule. Mikono iliyojifunza kwa mikebe ya samaki ililisha nyumba nzima, ikanisomesha mimi hadi chuo cha ualimu. Baba alifariki mzee, mwenye kelele, mwenye wateja. Mama alipokuwa anazeeka nilimwuliza kama siku ile alitupatia magongo kwa sababu ya buibui kweli. Alinitazama, akasema mbona napenda kuchimba vitu vilivyokwisha zikwa, akaniagiza maji ya kunywa.

Leo nikipita Malaba, malori yamepanga foleni hadi macho yanachoka, na vijana wa bodaboda wananiita mama wakigombania mkoba wangu. Daraja la mtoni halina tena abiria wa reli. Mtu anavuka na kitambulisho chake na kupigwa muhuri. Nyumba zetu zipo, zimechakaa, na nyuma ya lile jiko mtu amepanda sukuma wiki. Sisemi zamani zilikuwa bora. Zamani Baba alipoteza mguu, na leo pengine daktari angeuokoa. Nasema tu kwamba zamani zile watu walikuwa na muda wa kuja kukaa juu ya pipa na kumwuliza mtu aliyevunjika moyo reli yake imefika wapi, na hadi sasa sijapata dawa iliyoishinda hiyo.

Mwezi uliopita mjukuu wangu alinionyesha kwenye simu yake wazee wa nchi za mbali, wenye mvi na vitambi, ambao wanajenga reli ndogo ndani ya nyumba zao. Wana vilima, wana stesheni, wana taa zinazowaka, na kila mmoja anaonyesha wenzake amefika wapi wiki hii, na wenzake wanamkosoa na kumpongeza. Mjukuu wangu alikuwa akicheka. Mzee mmoja, mikono ikimtetemeka, alikuwa akijaribu kubandika mti mdogo kuliko ukucha, na kila mara unaanguka. Kijana akasema, "Bibi, hebu ona, mtu mzima mzima anacheza na gari la watoto," akataka kupitisha kidole aende kwenye kitu kingine.

Nilimshika mkono. "Mwache kwanza abandike," nilimwambia. "Wewe unaona gari tu. Hujui linavuta nini."

Tulikaa tukitazama, mimi na yeye, mpaka mti ukasimama.